Kuazima Kiingereza Dumila

Usiku mmoja wa Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa nchi nzima, nilikaa nikiwasikiliza wanafunzi wangu wakibishana zaidi ya saa nzima juu ya maneno mawili: borrow na lend. Walikuwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu kwao, na mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hadi sauti za wengine zinamezwa. Chokochoko niliianzisha mwenyewe. Niliwaandikia sentensi moja, "Niazime kalamu yako," nikawaambia waitie kwenye Kiingereza. Saba waliandika borrow me your pen. Wawili waliandika lend. Nikanyamaza makusudi, niwaone.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa binti ambaye mama yake anauza nyanya pale stendi. Akatuma sauti: "Jamani, mbona rahisi? Mama ana daftari la madeni. Anayechukua nyanya anakopa, mama anakopesha. Basi borrow ni kukopa, lend ni kukopesha. Ile -esha ndiyo lend." Vidole gumba vikamiminika. Nami nilifurahi, nikajua somo limekwisha.

Halikwisha. Kijana mmoja anayepakia mahindi kwenye malori, anayerudia mtihani, akauliza: "Sasa kalamu unaikopa? Kalamu unaazima. Ukikopa hela hurudishi noti ile ile, ukiazima kalamu unarudisha ile ile. Kiingereza hakioni hiyo tofauti?"

Kundi likawa kimya. Nami nilikuwa kimya, na safari hii si kwa makusudi. Nilikuwa nimefundisha miaka 20 na sikuwahi kuliona. Kiswahili kinatazama kitu: je, kitarudi chenyewe, au kitarudi kingine cha thamani yake? Kiingereza kinatazama mtu: je, anatoa au anapokea? Ndiyo maana "kuazima" kwetu kunatosha pande zote mbili, mwenye kalamu anaazima na asiye na kalamu anaazima. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika ubaoni neno lile lile mbele ya borrow na mbele ya lend, halafu nawashangaa watoto kwa kuchanganya. Mpakia mahindi na binti wa nyanya ndio walionifumbua macho, wakibishana kwa Kiswahili, usiku, kwa bando la kuungaunga.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu ninasikia wazazi wengi hapa Dumila wakisema kwamba kujifunza kwa makundi ni jambo la simu, limekuja na simu na litaharibiwa na simu. Mimi nimezaliwa hapa njia panda, ambapo barabara ya Kilosa inaachana na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na ninajua si kweli. Watu wa huku wamekuwa wakikaa kikao juu ya maneno ya wageni tangu kabla bibi yangu hajazaliwa.

Ukitoka hapa ukapanda milima ya Ukaguru utafika Mamboya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikaa huko mmisionari Mwingereza wa CMS, J. T. Last, na mwaka 1886 ikachapishwa London sarufi yake ya Kikaguru. Jina kwenye jalada ni moja. Lakini mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha ya wenyeji akiwa peke yake chumbani. Lazima aketi na watu, aulize neno, ajibiwe, aulize tena kwa namna nyingine kwa kuwa jibu la kwanza halikumwingia. Hao walioketi naye ndio ninaowafikiria. Kiingereza na Kikaguru vilipokutana kwenye milima hii, havikukutana darasani. Vilikutana katika mazungumzo ya watu waliokuwa wanapima neno la huyu kwa neno la yule, na Mwingereza ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Baba yangu alizaliwa kijiji cha chini ya milima hiyo, na mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, lakini nimesimuliwa mara nyingi hadi najiona kama nilikuwepo. Kampeni ile iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kupitia Redio Tanzania. Ilidumu wiki 12, ikakusanya watu karibu milioni 2 nchi nzima, na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa kwanza namna ya kuongoza. Taratibu zake baba anazijua kwa moyo mpaka leo: mkusanyike, msikilize kipindi, kiongozi asome kijitabu, mjadili, halafu mkubaliane mtakwenda kufanya nini kabla hamjakutana tena. Kuchimba choo. Kufukia madimbwi. Kuchemsha maji. Kikundi ambacho hakikukubaliana kufanya kitu, baba anasema, kilikuwa kimepiga soga.

Redio ilikuwa moja, ya National, mali ya karani wa ushirika, na iliwekwa juu ya kigoda chini ya mwembe. Watu walikuwa zaidi ya 15. Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri. Kiswahili cha redio kilikuwa kinawapita wazee wengi, kwa sababu lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kikaguru. Neno lililowakwamisha lilikuwa "kuambukiza." Kijitabu kilisema ugonjwa unaambukiza. Mzee mmoja akaelewa ni kurithi, kwamba baba anampa mwana. Mwingine akasema hapana, ni kulogwa, kwa sababu kunatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Baba alikuwa na maelezo kwenye kijitabu lakini maelezo yenyewe yalikuwa ya Kiswahili kigumu zaidi. Wakaacha kijitabu, wakaingia Kikaguru, wakabishana mpaka jua likazama. Aliyekata shauri alikuwa bibi mmoja ambaye hakujua kusoma. Alisema ni kama moto wa nyasi unavyoruka mto wakati wa kiangazi: huoni mkono ulioubeba, lakini ng'ambo kunaungua.

Baba aliandika maneno hayo pembeni mwa kijitabu chake. Kwa hiyo kabla Kiswahili hakijawa ngazi yetu ya kupandia Kiingereza, Kikaguru kilikuwa ngazi ya kupandia Kiswahili, na hakuna aliyetokea kuwaambia wale wazee kwamba wanajichelewesha.

Sisi tuliambiwa. Nilisoma sekondari ya bweni kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, na kwenye shule niliyosoma aliyekutwa akizungumza Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa siku mbili mfululizo, kwa kumwambia rafiki yangu "pole" alipojikwaa. Kibao kile hakikunifundisha neno hata moja la Kiingereza. Kilinifundisha kukaa kimya, na bweni zima lilikuwa kimya mchana kutwa. Ninaandika haya nikiwa na uchungu ambao haujaisha, kwa sababu nawafahamu wasichana wenye akili nzuri waliomaliza miaka minne bila kuuliza swali moja darasani.

Serikali yenyewe ilikuwa na habari. Tume ya Makweta, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi mwaka 1984 na kuona kwamba wengi Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine. Pendekezo la tume halikutekelezwa. Mwalimu Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, na mimi sina ugomvi na fikra hiyo hata kidogo. Ningependa kila mtoto wa Dumila akijue. Ninachopinga ni imani kwamba mtoto anakijua kwa kukatazwa njia anayokifikia.

Tulichofanya bwenini ni kile baba alichofanya chini ya mwembe. Baada ya taa kuzimwa tulijibana wanne au watano chumba cha kufulia na koroboi moja na kamusi moja, ile ya Kiingereza na Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyokuwa ya katekista mmoja na ilikuwa imepoteza kurasa zote za herufi A na nusu ya B. Kukosekana kwa kurasa hizo kulitufaa kuliko tulivyojua. Neno likianza na A tulilazimika kulitafuta wenyewe, kutoka kwenye sentensi, mmoja akibahatisha na mwingine akimpinga. Tuliita diskasheni. Mpaka leo wanafunzi wanaita hivyo hivyo, na linanigusa kwamba neno la Kiingereza walilolichukua wote likawa lao kabisa, bila kufundishwa, ni jina la kukaa pamoja.

Likizo nilikuwa napita Dakawa kwa basi kurudi nyumbani. Wapigania uhuru wa ANC walikuwa na makazi yao pale, kama walivyokuwa na chuo chao cha Solomon Mahlangu kule Mazimbu, Morogoro mjini, mpaka walipokabidhi maeneo hayo mwaka 1992. Siku moja walipanda vijana wawili wa Afrika Kusini wakawa wanacheka na konda. Wao Kiswahili chao cha kuokoteza, konda Kiingereza chake cha kuokoteza, na nauli ililipwa na chenji ikarudi. Nilikuwa na miaka 16 na lile lilinishangaza: Kiingereza bila woga, kinachanganywa hadharani, na hakuna aliyeleta kibao.

Nilirudi Dumila nikiwa mwalimu, na muda si mrefu zikaja shule za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 2,000. Mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 4,000. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza, na hilo ni jambo jema nitakalolitetea popote. Lakini waliingia kwa wingi kuliko walimu na vitabu. Waliosoma miaka saba kwa Kiswahili walipewa wiki chache za kuzoeshwa, kisha baiolojia, historia, jiografia, vyote kwa Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, mpaka yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka huo ndipo wanaorudia mtihani walipoanza kunijia nyumbani jioni. Wengine walikuwa na watoto mgongoni.

Kikundi chetu kilianza nao, kwenye kibaraza changu, bila simu. Mwezi Januari 2014 mafuriko yakabomoa barabara kuu hapa Dumila na Magole, magari yakakwama pande zote mbili, na mamia ya watu wakapoteza nyumba. Wenzetu wa Magole hawakuweza kuvuka. Mmoja wao alinitumia ujumbe mfupi kwa simu yake ya kitochi: "Mwl nisaidie, flood na overflow ni kimoja?" Nilimjibu, kisha nikawatumia wengine swali lake, nao wakamjibu, na majibu yao yalikuwa bora kuliko langu kwa sababu yalikuwa na mto ule ule uliokuwa mbele ya macho yao. Mmoja aliandika kwamba overflow ni mto kutoka kitandani, flood ni mto kulala kitandani kwako. Jumbe zile nilizinakili kwenye daftari kabla simu haijajaa. Kwangu mimi, kikundi cha kwanza cha mtandaoni cha Dumila kilizaliwa wiki ile, kwa vocha.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, shule zikafungwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1; wetu wa kidato cha nne walirudi Juni 29. Zaidi ya miezi mitatu. Kundi la WhatsApp lilikuwa na namba 23, nami nilikuwa naandaa somo la watu 23. Wiki ya pili nikaenda dukani, nikapita kwa binti wa nyanya, nikakuta watu saba wamekaa mkekani wameizunguka simu ya mama yake. Wawili hawakuwa hata wanafunzi wangu. Sauti inachezwa, wanasikiliza, wanabishana, kisha mmoja anabonyeza na kurekodi jibu la wote. Nilisimama pale nje ya uzio, nikaona redio ya National juu ya kigoda.

Wanaoandika kuhusu elimu ya mtandao mara nyingi huwaza mtu mmoja na kioo chake. Hapa kwetu simu janja ilikuwa kitu cha kuzungukwa, na kila namba niliyoiona kwenye kundi ilikuwa na mkeka wake nyuma. Kilichokuwa kipya ni viwili tu. Kwanza, redio ilisema na haikusikia. Bibi wa moto wa nyasi hakuwa na namna ya kuwafikishia watu wa Dar es Salaam mfano wake, nao ulikuwa bora kuliko kijitabu chao. Kwenye simu mkeka mmoja ulikuwa unausikia mkeka wa pili. Pili, maneno yanabaki. Ubishi wa baba ulipotea wote isipokuwa mstari mmoja pembeni mwa ukurasa. Wa wanafunzi wangu ninao, sauti kwa sauti, na nimeusikiliza tena na tena kabla ya kuandika haya.

Katika sauti hizo ubishi ninaoupenda kuliko wote ni wa "pole." Ulitoka kwa msichana aliyefiwa na shangazi yake wiki ile. Mwenzake alimwandikia I am sorry, naye akajibu, akiwa na hasira kweli: "Sorry ya nini, wewe umemuua?" Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Mmoja akasema sorry ni samahani, na samahani huombwa na mkosaji. Mwingine akasema hapana, kwenye filamu wanasema sorry msibani. Yule mpakia mahindi akasema neno ambalo sitalisahau: "Pole tunampa hata anayefanya kazi. Mtu akipita na gunia unamwambia pole. Kwa Kiingereza unamwambia nini?" Wakatafuta. Hawakupata. Hakuna. Mwenye gunia kwa Kiingereza anapita tu. Wakakubaliana kwamba sorry ni nyumba yenye milango miwili, wa kuomba na wa kulia pamoja, na kwamba msikilizaji lazima atazame uso wa mtu ili ajue amepitia mlango gani. Msichana aliyefiwa akaandika, saa 5 usiku: Thank you for your sorry. Sikumsahihisha. Ingekuwa kwenye mtihani ningeweka alama nyekundu, na kwenye mtihani ataikumbuka, nimemfundisha baadaye. Usiku ule hakukuwa na kosa.

Wataalamu wa lugha waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Martha Qorro na Casmir Rubagumya, wameandika kwa miaka mingi juu ya lugha ya kufundishia, na ninawaheshimu. Mimi sina utafiti. Nina daftari la jumbe za mafuriko na simu iliyojaa sauti, na kwenye vyote viwili ninaona jambo lile lile: kazi ya kuelewa Kiingereza ilifanyika ndani ya Kiswahili, na ilifanywa na watu kadhaa, kwa sababu mmoja peke yake hana mifano ya kutosha. Mwenye nyanya ana daftari la madeni, mwenye malori ana gunia, aliyefiwa ana msiba.

Turudi usiku wa borrow na lend. Baba alikuwa anaishi nami tayari, ana miaka 75, na alikuwa amekaa kitini muda wote akizisikiliza zile sauti.

"Kiongozi wa kikundi ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi, baba."

"Na mmekubaliana kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nataka kuwaandikia usiku mwema. Nikaona aibu, nikaandika kwenye kundi kwamba kabla ya kesho jioni kila mmoja ajaribu maneno hayo mawili kwenye jambo lililotokea kweli kwao, jambo la siku hiyo hiyo.

Kesho yake jioni mvua ilikuwa imekatika. Binti wa nyanya ndiye aliyetangulia, na alikuwa amepiga picha ukurasa wa daftari la mama yake na kuandika chini yake, kwa mwandiko mzuri: My mother lent one basket of tomatoes to a woman from Magole. Vidole gumba vikaanza. Kisha sauti ya mpakia mahindi ikaingia, honi za malori zikisikika nyuma yake: "Lakini zile nyanya zinaliwa. Hazirudi. Inayorudi ni hela. Sasa hiyo ni lend, au ni kuuza?"

Baba akavuta kiti chake karibu na simu.